Mzee ana dimenshia na anasema amechoka kuishi: mwongozo kamili wa kupima hatari, hatua kwa hatua

Hii naiandikia watu wawili. Wa kwanza ni wewe mwenye mzee nyumbani hapa Mombasa, iwe Kibokoni, Majengo, Mikindani ama Bamburi. Wa pili ni wewe muuguzi wa kliniki ndogo ama CHP, yaani mhudumu wa afya ya jamii, unayepita nyumba kwa nyumba, ukifika mlangoni unaambiwa "babu siku hizi hana raha kabisa, hebu muone". Daktari wa akili ana kazi yake na hii haichukui nafasi yake, lakini kabla mzee amfikie daktari huyo kuna siku nyingi katikati na mtu wa kuona hatari siku hizo ni wewe.

Shika hili kabla hatujaanza: kwa mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili polepole, jibu la leo peke yake halitoshi. Asubuhi atakwambia anataka kufa, adhuhuri anakula samaki wake wa kupaka na anacheka na wajukuu, magharibi analia tena na hakumbuki alisema nini. Sasa watu huchukua ile ya adhuhuri wakasema si waona, yalikuwa maneno tu. Wewe linganisha vile alivyokuwa na vile alivyo sasa, sikiliza yeye na wanaokaa naye, halafu rudia tena na tena maana hii sio kazi ya siku moja.

Nani wa kuangaliwa zaidi

Wengi hudhani hatari iko kwa yule ambaye hajui tena hata jina la mwanawe. Mara nyingi ni kinyume. Mwenye dimenshia ya mwanzo bado anajua kinachompata, anaona aibu inakuja, na akili ya kupanga jambo na kulitekeleza bado anayo. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2022, ulipata kwamba ukichukua wagonjwa wote wa dimenshia kwa jumla hatari ya kujiua haikuzidi ya watu wengine, lakini ilipanda kwa makundi matatu: waliogunduliwa kabla ya miaka 65, walio ndani ya miezi 3 ya kwanza baada ya kuambiwa, na waliokuwa na ugonjwa wa akili kutoka zamani. Hiyo miezi 3 ipigie mstari, kwa sababu huku kwetu ndio wakati mzee ametoka kliniki na karatasi yenye jina refu la ugonjwa na hakuna anayerudi kumuuliza amelipokea vipi.

Wengine wa kuangalia: aliyewahi kujaribu kujiua hata kama ni miaka 30 iliyopita na familia ilificha, mwenye depresheni, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mwenye maumivu yasiyoisha, mwanamume aliyefiwa na mke, mnywaji, na aliyetoka kulazwa juzi. Halafu kuna aliyenyang'anywa vitu. Funguo za gari zimechukuliwa, simu ya M-Pesa iko kwa kijana, duka limepewa mtu mwingine, na yote haya yalifanywa kwa mpigo mmoja bila kuzungumza naye. Wallahi hili linaumiza wazee kuliko tunavyodhani. Na iko aina ya dimenshia inayoanza sehemu ya mbele ya ubongo, huyo anaweza kufanya jambo ghafla bila kupanga, kwa hivyo kutokuwa na mpango kwake hakukupi amani.

Hatua ya 1: Toa kwanza ugonjwa wa ghafla

Uliza swali moja, hii imeanza lini? Kama wanakwambia tangu Jumamosi, ama siku mbili tatu hizi, shuku ugonjwa wa mwili. Maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, sukari kushuka, choo kufunga siku nyingi, kukosa maji mwilini na joto letu la Machi unalijua. Dawa mpya pia zinaweza, kama steroidi, dawa za usingizi ama za Parkinson. Mzee wa namna hii huwa anachanganyikiwa saa hii, saa nyingine yuko sawa, anaona vitu visivyokuwepo, analala mchana anakesha usiku. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hajasema neno lolote la kufa, na akiwa huko njiani haachwi peke yake kwa sababu akili iliyochafuka hivyo inaweza kumtupa mtu mahali pabaya.

Kama imekuja polepole kwa wiki na miezi, fikiria depresheni. Depresheni na dimenshia hufanana na mara nyingi hukaa pamoja. Dalili moja inayosaidia ingawa sio ya kukata shauri: mwenye depresheni hulalamika mwenyewe, "nimesahau, sijui, akili yangu imekwisha", mwenye dimenshia hujaribu kuficha na kutunga jibu.

Hatua ya 2: Ongea na anayemuogesha

Yaani si yule anayelipa bili. Kijana aliye Doha anapiga video kila Ijumaa, mzee anavalishwa kanzu safi anasema alhamdulillah, na kijana anaapa baba yuko sawa. Dada wa kazi ndiye anayejua kwamba mzee haoni haja ya kuoga, kwamba vidonge huwa anavishika mkononi muda mrefu kabla ya kumeza, kwamba usiku anatembea mpaka mlango wa juu wa paa na anasimama hapo. Mkalishe kando, faragha, mbali na bosi wake na mbali na mzee, umhakikishie kwamba hakuna anayemlaumu.

Muulize anakula vipi, analala vipi, ameacha nini alichokuwa akikipenda, amesema nini kuhusu kufa na alikuwa amevaa uso gani wakati anasema. Amegawa vitu? Ameaga mtu? Ameweka dawa ama kamba ama kitu chochote mahali pasipoeleweka? Anatajataja marehemu wake kuliko kawaida?

Chukua mfano wa mzee mstaafu wa bandari. Kila baada ya alasiri alikuwa akienda barazani, kahawa tungu, bao, kelele za siasa. Mwezi huu haendi. Mkewe anasema "yuasahau tu njia". Ukichimba unapata kwamba njia anaijua vizuri sana, siku moja alikosea hesabu ya kete wenzake wakacheka, akarudi nyumbani na tangu siku hiyo kofia yake nzuri ya vito amempa mjukuu na saa ya mkononi amempa shemeji. Kusahau na aibu ni vitu viwili tofauti, na hapa kinachokuamsha ni aibu na hivyo vitu vilivyogawiwa.

Hatua ya 3: Chagua saa na kikao

Wazee wengi wenye dimenshia jua likianza kushuka akili huvurugika, kwa hivyo usije magharibi. Njoo asubuhi ameshakunywa chai, miwani machoni, mashine ya masikio kama anayo iko na betri. Zima TV. Watoto wapelekwe uwani. Kaa usawa wa macho yake upande anaosikia vizuri, umpe shikamoo yake, na usikimbilie swali.

Kama wewe ni mdogo kwake sana omba ruhusa, "Babu, nipe ruhusa nikuulize jambo la ndani." Mama mzee wa Kiswahili huenda asifungue moyo mbele ya mkwewe ama kijana wa kiume, tafuta mwanamke wa kumuuliza. Jamaa wakitaka kubaki ndani waambie utawaita baadaye, maana mzee anayejiona mzigo hawezi kusema mbele ya wale anaodhani anawalemea.

Hatua ya 4: Uliza, na utumie neno lenyewe

Hofu kubwa ya watu ni kwamba ukiuliza utampa wazo. Utafiti umeangalia hili na haujaona kwamba kuuliza kunapanda wazo, wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu amethubutu. Maswali yawe mafupi, jambo moja kwa swali moja, na yahusu leo na sasa. "Mwezi huu umefikiria mara ngapi" kwa mtu asiyekumbuka chai ya asubuhi ni swali la bure. Anza na jepesi upande hadi zito, hivi:

"Babu, leo moyo wako ukoje?"
"Kuna kitu bado kinakupa raha?"
"Wajiona mzigo kwa watu wa hapa?"
"Huwa unaona heri usiamke asubuhi?"
"Huwa unafikiria kujiua?"
"Ungefanya vipi? Hicho kitu kiko hapa nyumbani?"
"Ni nini kimekuzuia mpaka leo?"

Ukimaliza swali nyamaza. Ubongo wake unahitaji muda mrefu kuliko wako, na wengi wetu tunaharibu hapa kwa kuongeza swali la pili juu ya la kwanza, mzee anapotea, anajibu "ndio ndio" ili umuondokee. Usiulize kwa kumpa jibu, "huna mawazo mabaya, sivyo babu?", hapo umeshamwambia unataka kusikia nini. Baada ya dakika kumi ya mazungumzo mengine mrudie kwa maneno mengine uone kama jibu limebaki lile lile.

Sasa dini. Kwa Mwislamu utasikia "astaghfirullah, hiyo haramu", kwa Mkristo "ni dhambi hiyo mwanangu". Jibu hilo linaweza kuwa ngao ya kweli na linaweza kuwa pazia, na kwa kulisikia tu huwezi kujua ni lipi. Mwambie taratibu: "Najua ni haramu babu, na hata hivyo mawazo huja bila kupiga hodi. Wewe huwa yanakujia?" Hapo wengi huinamisha kichwa.

Hatua ya 5: Soma jibu

"Mola anichukue" ni maneno ambayo nyumba za Mombasa husikia kila siku na si kila anayesema yuko hatarini. Bibi wa miaka 88 aliyekwisha kuusia, anayesali, anayekula, anayefurahia kilemba cha mjukuu wake na anasema nangoja siku yangu, huyo anazungumza na umri wake. Maneno yale yale kutoka kwa mtu ambaye wiki sita zilizopita hakuwa akiyasema, halafu hali chakula na hataki kuonwa na wageni, ni habari nyingine.

Kinachotenganisha mara nyingi ni swali hili: "Umechoka na nini?" Niliwahi kusikia jibu la "nimechoka na goti". Goti! Familia imekaa vikao inatafuta nani amemroga, kumbe mtu halali kwa maumivu na hawezi kueleza vizuri. Mwingine atakwambia amechoka kuvuliwa nguo na binti yake. Mwingine kwamba anasikia sauti inamwambia atoke aende, na huyo wa sauti usimsubirishe hata usiku mmoja.

Hatua ya 6: Asiyeweza tena kuzungumza

Hapa unasoma mwili. Analia bila kitu, anasukuma chakula, anatema dawa, anakimbilia barabara ama ngazi, anajipiga kichwa. Usirukie kusema anataka kufa. Anayekataa chakula angalia kinywa kwanza, meno yaliyooza, vidonda, kumeza kumekuwa shida, chakula kimekuwa cha moto sana. Anayekimbilia nje pengine anatafuta choo ama nyumba yake ya utotoni. Andika saa na kilichotokea kabla ya tukio, baada ya wiki moja utaanza kuona mtindo.

Kwa wauguzi, kipimo cha Cornell cha depresheni kwenye dimenshia kilitengenezwa kwa kazi hii. Kina vipengele 19, unamuuliza mtunzaji kuhusu wiki iliyopita kisha unamuangalia mgonjwa mwenyewe, na kimoja kati ya hivyo kinagusa kujiua. Alama zaidi ya 10 zinaelekea depresheni kubwa, zaidi ya 18 iko wazi. Lakini hicho ni kipimo cha depresheni. Alama ya kutabiri nani atajiua msijitafutie, mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema wazi vipimo visitumike kutabiri hivyo, na mimi nakubaliana nao kabisa, nimeona watu wakijificha nyuma ya namba ndogo.

Hatua ya 7: Amua na utende

Hatari ya sasa hivi: anasema anataka kujiua na anajua atafanya vipi, ama amejaribu, ama sauti zinamuamrisha, ama umeondoka kwenye mazungumzo na tumbo lako linakataa. Haachwi peke yake hata akienda chooni, mlango ufungwe bila komeo. Ondoa alichokitaja. Mpeleke kejualti ya hospitali kubwa iliyo karibu. Kisiwani ni Coast General, wengine bado wanaita Makadara. Port Reitz kule Changamwe kuna kitengo cha magonjwa ya akili. Ukiwa Likoni ama Mtongwe zungumzeni mapema mtatumia gari ya nani usiku, na kumbuka barabara ya Dongo Kundu inakufikisha upande wa Miritini bila kungoja feri. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja na yule anayemjua vizuri aende naye, maana mzee akifika pale kwa wageni anaweza kusema yuko salama na akarudishwa.

Simu: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni ya bure, Befrienders Kenya ni 0722 178 177, dharura ni 999 ama 112.

Kuna wanaoogopa hospitali kwa sababu ya polisi. Kweli kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mpeleke mzee wako.

Hatari ya kati, yaani anatamani kufa, hana mpango, lakini amebadilika na ana mambo kadhaa kati ya yale ya juu: tafuta daktari ndani ya siku moja au mbili, panga nani analala chumba chake, tibu maumivu, mpigie ama mpitie kila siku. Hatari ndogo: rudi baada ya wiki na uulize tena.

Kwa wote, msikae kumpa mawaidha saa nzima. Usimwahidi siri, mwambie "hili nitamwambia mwanao ili tukusaidie". Sheikh ama mchungaji akija ni vizuri, mueleze kwanza hali ili asije akamtisha mzee na moto. Kisomo kisomwe, lakini dawa ya hospitali isisimamishwe na mtu asifungwe wala kulazwa na njaa.

Kuhusu vidonge vya depresheni, majaribio ya Uingereza ya 2011 ya sertraline na mirtazapine kwa wenye Alzheimer, aina ya dimenshia iliyo ya kawaida zaidi, hayakuona vikishinda vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Haimaanishi uviache kiholela, aliyeandikiwa na anavitumia azungumze na daktari wake. Inamaanisha kidonge peke yake msikitegemee, huyu anahitaji usingizi, kusikia vizuri, mtu wa kukaa naye, na kazi ndogo ya heshima kama kuchambua mchele.

Hatua ya 8: Nyumba

Hapa ndipo familia inaweza kufanya mengi leo leo. Dawa zote za nyumba nzima kwenye sanduku la kufuli, za bibi, za presha ya mjomba, zote, na mzee apewe za siku tu na amezee mbele yako. Dawa ya panya, ya mende, ya shamba na mafuta ya taa vitoke ndani. Kisima kiwe na mfuniko wa kufuli, mlango wa juu wa paa ufungwe na ufunguo ukae na mtu. Msimfanye ajione mfungwa, semeni ni kwa ajili ya watoto, na kusema kweli inasaidia watoto pia. Hata kama hana wazo la kujiua, mwenye dimenshia anaweza kunywa kitu kwa kudhani ni sharubati.

Hatua ya 9: Andika, na urudie

Daftari la shilingi chache linatosha. Iwe namna hii: "Jumanne, saa tatu asubuhi. Kala mkate nusu. Amesema 'heri niende'. Nimemuuliza kama anafikiria kujiua, akasema hapana, baadaye akasema 'sina nguvu hizo'. Goti linauma. Dawa zimefungwa. Halima analala naye. Kumuuliza tena Ijumaa." Hiyo "sina nguvu hizo" ni jibu tofauti na hapana, ndiyo maana unaandika maneno yake mwenyewe na sio tafsiri yako.

Rudia upimaji wote kila anapoambiwa habari ya ugonjwa, akitoka kulazwa, akifiwa, akihamishwa nyumba, dawa zikibadilishwa, na pia akitulia ghafla bila sababu baada ya kipindi kibaya.

Hatua ya 10: Mtunzaji

Hii miongozo mingi huiruka. Anayemtunza mzee miaka mitatu bila likizo, halali, hana pesa, ndugu wanatuma ushauri tu kwenye WhatsApp, naye anaweza kufika mahali akaona afadhali waondoke wote wawili, na hayo mawazo yanaweza kuwa hatari kwake na kwa mzee. Kwa hivyo kabla hujatoka nyumba hiyo mvute kando na yeye umuulize vile vile, polepole: "Na wewe dada, huwa unafikiria kujiua? Umewahi kuona heri nyote wawili msiwepo?" Akisema ndio, leo mtafutieni mtu mwingine wa kukaa na mzee, yeye mwenyewe asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali kama mlivyompeleka mzee. 1199 inapokea simu yake pia.